Mashahidi Saba na Alama Zao

Mwalimu hastaafu kusahihisha. Kwa miaka mingi nimekuwa na desturi ya kuandika alama katika ukurasa wa mwisho wa kila kitabu nikimalizapo, kuanzia 1 hadi 10, na chini ya alama hiyo sababu yake kwa maneno machache. Wajukuu hunicheka, lakini desturi hii ina faida: inamlazimisha msomaji ajiulize amepata nini, na kwa nini. Katika insha hii nimechagua vitabu saba, vyote vya Kiswahili, na vyote vinahusu mambo yetu ya kale au ya jana. Kwa namna vimetofautiana sana. Kimoja ni kitabu cha mila, kimoja ni maisha ya mfanyabiashara aliyoyaeleza mwenyewe, kimoja ni masimulizi ya wazee, kimoja ni wasifu, kimoja ni tamthilia, na viwili ni riwaya.

Yamkini msomaji atauliza riwaya na tamthilia zimeingiaje katika historia. Swali hilo nililisikia kila mwaka chuoni. Wanachuo waliokuja kusomea ualimu walikuwa wamezoeshwa kwamba historia ni kile kilichomo katika kitabu cha kiada, chenye tarehe na majina ya wapelelezi wa Kizungu. Mengine yote ni fasihi, yasomwe katika kipindi cha Kiswahili, yatafutiwe dhamira na wahusika, basi. Kwa hiyo mwalimu wa Historia aliweza kufundisha biashara ya watumwa kwa aya tatu za kitabu cha kiada, ilhali katika kabati la maktaba hiyo hiyo mlikuwa na kitabu cha mtu aliyezijua njia za misafara kwa miguu yake, na kando yake kitabu cha mtu wa ukoo wa waliokamatwa. Vyote viwili vilikuwa na vumbi. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Vitabu hivi mimi naviita mashahidi. Shahidi haulizwi kama anajua kila kitu. Anaulizwa mambo matatu. Kwanza, ulikuwa karibu kiasi gani na unayoyasema? Hilo nalipa alama 4. Pili, je, unatuonyesha mahali uliposimama ulipokuwa ukitazama? Hilo alama 3. Tatu, je, unatuachia nafasi ya kukuuliza na kukupinga? Hilo nalo alama 3. Hakuna aliyepata 10, wala sitazamii kumwona.

Shahidi wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na kitabu chake ni Desturi za Waswahili. Kilichapwa Ujerumani mwaka 1903 kwa kazi ya Carl Velten, aliyewahimiza wenyeji kadhaa waandike habari za kwao. Mtoro ndiye aliyebeba sehemu kubwa. Humo mna kuzaliwa na kutahiriwa, unyago na harusi, madeni, kilimo, ngoma za pepo, watumwa na mabwana zao, na safari za kwenda bara. Anaandika kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya nyumbani, bila haraka na bila kujitetea. Asomaye anaona mji wa pwani ukipumua kabla amri za Wadachi hazijaubadilisha.

Lakini mwenye kusoma kitabu hiki hana budi kuyajua pia maisha ya mwandishi. Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na miongoni mwa waliosomeshwa lugha huko walikuwamo maofisa waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 alipojaribu kurudi nyumbani pamoja naye, serikali ya koloni haikumruhusu kushuka na mkewe, wakarudi Ulaya. Alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha Wadachi desturi za pwani, pwani yake mwenyewe akafungiwa! Kwa kuwa aliandika kwa kuulizwa, hatujui yapi angeandika kama angejiuliza mwenyewe. Nimempa 8.

Wa pili na wa tatu nitawaeleza pamoja, kwa sababu ndio kiini cha insha hii.

Wa pili ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yule maarufu kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja, akafanya biashara ya pembe za ndovu kupitia Tabora hadi Manyema na mbele zaidi katika Kongo. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya gavana wa Stanley Falls. Alirudi Unguja akafa huko mwaka 1905. Maisha yake aliyaandika kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayatoa kwa herufi za Kirumi mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Wataalamu wengi wanayahesabu kuwa ya kwanza katika tawasifu za Kiswahili.

Ni kitabu cha mtu asiyetafuta kupendwa. Anaeleza mali aliyokopa, wapagazi waliotoroka, vita alivyopigana na Nsama, pembe alizozipata huko. Anaeleza hata jinsi alivyojifanya ndugu wa mtawala mmoja wa bara ili arithi nchi, na anaeleza kama mtu anayesimulia biashara iliyomwendea vizuri. Kwa ukaribu anapata alama zote 4. Kwa kuonyesha aliposimama anapata 2, maana hajifichi sana. Lakini katika swali la tatu sikumpa kitu. Ndani ya kitabu hicho watu wanakamatwa, wanabebeshwa, wanahesabiwa. Hakuna hata mtumwa mmoja anayepewa nafasi ya kusema jina la mama yake. Jumla 6.

Wa tatu ni James Mbotela, na kitabu chake ni Uhuru wa Watumwa, kilichotoka London mwaka 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya Freretown karibu na Mombasa, mahali palipoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1870 pawe makao ya watumwa waliookolewa. Aliyoyaandika ni masimulizi ya wazee wa jamii yake: kushambuliwa kwa vijiji, mnyororo shingoni, safari ya kuja pwani, kutiwa majahazini, kisha manowari ya Kiingereza, na maisha mapya Kisauni. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikiweka chini mara kadhaa.

Hata hivyo alama zangu kwake pia ni 6. Ana 3 za ukaribu, kwa kuwa hakuyaona mwenyewe lakini aliyasikia kwa walioyaona. Ana 2 za kuonyesha aliposimama. Katika swali la tatu nimempa 1 tu. Mwingereza katika kitabu chake ni mkombozi, Mwarabu ni mwovu, na mambo yanaishia hapo. Mtu atakaye kujua pembe zile zilikwenda wapi atafute kwingine. Zilikwenda Ulaya na Marekani, zikawa vitufe vya piano na mipini ya visu katika nyumba za watu waliokuwa wakiomba kila Jumapili utumwa ukomeshwe. Tena manowari zilizokamata majahazi hazikuufuta utumwa kwa siku moja. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria huko mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, chini ya utawala wa Waingereza hao hao.

Mwaka mmoja katika miaka ya 1980 niligawa darasa la wanachuo makundi mawili. Kundi moja lilisoma dondoo za Tippu Tip, jingine dondoo za Mbotela, kisha wakakaa pamoja kujadiliana. Saa ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Kila kundi lilimtetea shahidi wake kama wakili aliyelipwa. Ndipo msichana mmoja akasimama akasema: wote wawili wanazungumzia njia ile ile, ila mmoja anahesabu pembe na mwingine anahesabu watu. Darasa likanyamaza. Baadaye kijana mmoja kutoka mji uliokuwa njia ya misafara aliniambia kwamba kwao kabila la bibi mzaa babu halitajwi, na ukiuliza unafukuzwa. Alisema sasa ameelewa kwa nini.

Hapo ndipo nilipoona wazi jambo ambalo sikulikuta katika mwongozo wowote wa kufundishia. Alama za mashahidi wawili wanaopingana hazijumlishwi kama hesabu za dukani. Shahidi wa 6 na shahidi wa 6, wakisikilizwa pamoja, wanatoa ushahidi ambao hata shahidi wa 9 peke yake hawezi kuutoa. Na mwalimu anayemwita mmoja tu mahakamani amekwisha kuhukumu. Katika madarasa yetu, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, wajukuu wa waliofunga minyororo na wajukuu wa waliofungwa wanakaa dawati moja. Mara nyingi ni mtoto mmoja mwenye damu zote mbili. Ukimfundisha upande mmoja, umemwambia achukie nusu ya nafsi yake.

Shahidi wa nne ni Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya watu wa chini. Akauza vyungu, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodiwa sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, naye Shaaban Robert alipata kuonana naye kabla ya hapo. Miongoni mwa mashahidi wangu saba huyu ndiye mwanamke pekee anayesimama katikati ya kitabu kwa maisha yake ya kweli, na hata yeye anasemewa na mwanamume. Shaaban anamheshimu sana. Hafichi ufukara wa asili yake, bali anaufanya kuwa sehemu ya utukufu wake. Tatizo ni kwamba anapenda mno kutoa funzo. Kila tukio linageuka wasia. Nyimbo za Siti zilikuwa na kucha. Ziligusa mahakama, matajiri na waonevu, na watu wa Ng'ambo walizielewa. Ukali huo katika wasifu umepozwa kidogo. Nimempa 7, na ninamshauri msomaji azitafute sauti za Siti mwenyewe, maana baadhi zimehifadhiwa mpaka leo.

Wa tano amepata alama ya juu kuliko wote, 9. Ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896. Riwaya yake, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Tanzania Publishing House waliitoa ikiwa na mwaka 1980, lakini nakala zilipofika nchini mwaka 1981 mzee alikuwa amekwisha kufariki. Miaka 35 ya kungoja, na hakukishika kitabu chake mkononi.

Habari yenyewe ni ya mume na mke waliokosa mtoto, katika siku za kabla ya Wazungu. Katika kuitafuta dawa ya uzazi tunapitishwa katika nchi nzima: namna ya kupika pombe ya ndizi, kuvua, kulima, kuamkia wakwe, kuzika. Hakuna vita kubwa wala mfalme wa kutisha. Wanachuo wengine walilalamika kwamba ni ndefu na haina matukio. Niliwajibu kwamba matukio ndiyo hayo: mtu kuamka, kulima, kupenda mkewe hata ndugu zake wanapomwambia amwache. Vitabu vya kiada vilitufundisha kwamba kabla ya wageni kuja palikuwa na makabila, kana kwamba hapakuwa na watu. Kitereza ametupa watu. Alama moja nimeizuia kwa sababu mwandishi alikusanya ya wazee wake katika wakati ambao mengi yalikuwa yanatoweka, na mtu anayeokoa vitu katika nyumba inayoungua hawezi kuepuka kuipamba kidogo nyumba hiyo.

Wa sita ni Ebrahim Hussein, kwa tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Vita hivyo viliendelea hadi 1907, na waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Hussein hakuwapo, wala hasemi kwamba anatoa historia. Kinjeketile wake ni mtu aliyemuumba yeye. Kwa hiyo alama za ukaribu ni 2 tu. Lakini katika mengine mawili amepata zote, jumla 8.

Sababu ni swali analolitupa mapajani mwetu. Watu wametawanyika, hawana umoja. Anakuja mtu na maji, na kwa maji hayo wanaungana. Maji hayazuii risasi. Je, umoja ulikuwa uwongo? Mwishoni, akiwa kifungoni, Kinjeketile wa tamthilia anakataa kukana maji, kwa kuwa anajua adui atalitumia neno lake kuwaambia watoto kwamba baba zao walikosea kupigana. Kitabu cha kiada kinaweza kutupa tarehe ya kunyongwa kwake. Hakiwezi kumweka kijana wa miaka 20 mahali pake na kumwuliza, wewe ungesema nini? Katika miaka yote niliyofundisha sikuliona darasa lililokubaliana katika jibu.

Wa saba ni Euphrase Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, kwa riwaya yake Gamba la Nyoka ya mwaka 1979. Hii inahusu jana yetu, si kale: kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na lengo likawa wote wawe wamehamia kufikia mwisho wa 1976. Watu wa rika langu waliyaona magari yakipakia vitanda na kuku. Riwaya inaonyesha wanakijiji wanaokataa, nguvu zinazotumika, na vijana wasomi wanaosema maneno mazuri kuliko matendo yao. Nyoka amevua gamba. Je, amekuwa kiumbe kingine?

Kuna wenzangu ambao hata leo hawapendi kitabu hiki. Wanasema kinamdhalilisha Mwalimu Nyerere. Mimi nimekipa 8. Vijiji vile vilileta shule na zahanati mahali ambapo hapakuwa na kitu, na mimi nimefundisha watoto waliosoma kwa sababu hiyo. Vilevile viliacha mashamba mazuri yakirudi pori, na wazee waliokufa wakiyataja makaburi waliyoyaacha nyuma. Kezilahabi alithubutu kuyasema hayo miaka michache tu baada ya operesheni, huku wenyewe wakiwa hai. Shahidi anayesema mapema, watu wakiwa bado wanaweza kumjibu, anastahili heshima hata pale unapomwona ameegemea upande mmoja. Na huyu naye anahitaji mwenzake: mwalimu amsomee darasa Azimio lenyewe, kisha riwaya, halafu awatume wanafunzi kwa babu na bibi zao wakaulize.

Jambo hili sasa lina haraka kuliko zamani. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Kwa muda mrefu tulilalamika kwamba kijana wa sekondari anasoma habari za babu zake kwa lugha ya kukariri. Sasa mlango umefunguliwa, na mashahidi wanaozungumza lugha hiyo tunao. Hofu yangu ni lile neno la pili katika jina la somo. Mwalimu akisikia maadili, aghalabu hutaka habari safi, zenye mashujaa wasiokuwa na doa na maadui waliotoka mbali. Lakini mtoto anayefundishwa kwamba hakuna wa kwao aliyewahi kukosea hajafundishwa maadili, amefundishwa kujisifu. Uadilifu unaanza pale anaposikia pande mbili na kulazimika kupima.

Najua si rahisi kuvipata vitabu hivi vyote. Baadhi vimekaa miaka bila kuchapwa upya, na nakala zilizopo zimo katika makabati ya wazee kama mimi. Mwenye nacho akiazime kwa mwalimu wa jirani yake, akaandike jina la aliyekichukua na siku ya kurudisha. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Kwa muhtasari basi: Kitereza 9, Mtoro, Hussein na Kezilahabi 8 kila mmoja, Shaaban Robert 7, Tippu Tip na Mbotela 6 kwa 6, kwa sharti kwamba wasitenganishwe. Msomaji asizikubali alama hizi kwa kuwa zimetoka kwa mkuu wa chuo wa zamani. Avisome mwenyewe, achukue kalamu yake, aandike alama zake katika ukurasa wa mwisho, na asisahau kuandika sababu.